Kabla ya Kuwa Jiwe Lilikuwa Tundu: Jiodi za Amethisto Zinavyoumbika

Kuna video imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu mwezi uliopita. Wanaume wawili wamelisimamia jiwe refu la kijivu, lenye sura mbaya kama gogo lililoungua, wanaligonga patasi pole pole. Linapasuka mapande mawili, na ndani mote ni zambarau inayometameta, ukuta hadi ukuta. Mimi imenifikia mara nne, kila safari na maelezo yake. Mmoja kaandika ni yai la joka. Mwengine kasema limechimbwa Pemba na wakubwa wamelificha. Wa tatu, ambaye ni binamu yangu wa damu, kaandika maneno matatu tu: "Tanzanite hiyo, jamani."

Haikuishia kwenye simu. Jioni moja barazani kwetu Ng'ambo, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, alikuja kijana wa Micheweni, Pemba, aliyeshuka na meli siku ile ile. Akafungua kitambaa juu ya baraza. Mna jiwe kiasi cha nazi iliyofuliwa, nje limeganda udongo mwekundu, upande mmoja limemeguka, na pale lilipomeguka pana vitu vyeupe vyenye kona vinavyokamata mwanga wa taa. "Ami," akaniambia, "hili si ndugu yake lile?" Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha ezeka nyumba kichwani mwake. Nilimwomba aniachie siku mbili. Niliyomjibu ndiyo haya, nimeyaandika kwa sababu wanaouliza wamekuwa wengi.

Tuanze na majina, maana tulibishana nusu saa nzima kumbe kila mtu anasema jambo lake.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake ndogo kabisa zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia, hata kikikua kwa nafasi kinatoka na nyuso bapa na kona kali bila ya kuchongwa na mtu. Chumvi ya mawe ni fuwele. Sukari ni fuwele. Kwatzi ni fuwele ya silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, na ni katika madini yaliyojaa sana duniani. Mchanga wa mito na fukwe nyingi ni kwatzi iliyosagika, ingawa ule mweupe wetu wa Paje si huo, ni vumbi la matumbawe na makombe. Amethisto ni kwatzi iliyoingia rangi ya zambarau. Basi. Waliosoma Biblia wamelikuta jina lake kwenye Ufunuo.

Ama jiodi si jina la madini, ni jina la umbo: jiwe lenye uwazi ndani, na kuta za uwazi huo zimeota fuwele. Jiodi inaweza kuwa ya amethisto, ya kwatzi nyeupe, ya jasi, hata ya madini ya chokaa. Ni kama kikombe na kahawa. Kikombe ni kikombe hata kikitiwa chai. Na binamu yangu anisamehe: tanzanite ni madini mengine kabisa, ya buluu, yanachimbwa Mererani kule Manyara, na hayaoti kama zulia ndani ya tundu.

Dafu, koroma, nazi

Mfano mzuri kuliko yote tunao sisi na tumeulalia. Chukua dafu. Ukilipasua unakuta kifuu, ndani yake utando mwembamba wa nyama laini, na katikati maji. Liache juu ya mnazi lifikie koroma, nyama imenenepa kidogo. Liache likomae liwe nazi: nyama imejaa, maji yamepungua, na katikati pamebaki uwazi. Nyama ya nazi haianzii katikati ikatanuka kwenda nje. Inajibandika kwenye kifuu na kukua kuelekea ndani, ikitokana na yale maji. Jiodi hukua hivyo hivyo. Kifuu ni ukuta wa mwamba, nyama ni fuwele, na uwazi wa katikati ni sehemu ambayo haikuwahi kujaa. Ziko hata jiodi ambazo ukizitikisa sikioni unasikia maji yanacheza.

Mfano huu una mahali unapokatikia. Kifuu cha nazi na nyama yake ni kazi ya mnazi mmoja, vyote hukua pamoja. Kwenye jiodi tundu lilitangulia, maji yakaja baadaye kutoka nje, baada ya muda ambao binadamu haupimi kwa uzazi wake. Kwa hiyo maswali ni mawili na watu huyachanganya: tundu limetoka wapi, na kilicholijaza kimetoka wapi?

Tundu

Jiodi kubwa za amethisto zinazopamba makumbusho ya dunia hutoka sehemu mbili zaidi kuliko nyengine zote: Artigas, kaskazini mwa Uruguay, na Ametista do Sul, kusini mwa Brazil. Hazikutoka huko kwa bahati. Takriban miaka milioni 134 iliyopita, Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bado zimeshikana na ndiyo kwanza zinaanza kuachana. Ardhi ilipasuka na lava ikabubujika. Si kwa mlima mmoja kama Ol Doinyo Lengai, bali kwenye nyufa ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikafunika zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Hilo ni eneo linaloishinda Tanzania nzima, bara na visiwa. Ikaganda ikawa jiwe jeusi la kijivu liitwalo basalti. Sehemu kubwa iko leo upande wa Amerika Kusini; kipande kimebaki upande wetu wa bahari, Namibia.

Sasa fikiri mkate wa kumimina. Unga wa mchele umesagwa na tui, hamira imefanya kazi, umemiminwa chunguni, moto chini na moto juu. Ukiukata unaona vitundu. Vile vitundu ni gesi iliyotaka kutoka ikakuta mkate umeshaganda. Lava nayo ina gesi ndani, hasa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, iliyobanwa kama soda kwenye chupa. Ikifika juu ya ardhi mbano unalegea, gesi inatoka mapovu, mapovu yanapanda. Juu lava imeshaanza kuwa nzito, yananasa. Povu likinasa huku linapanda, hunyooka kwenda juu. Ndiyo maana jiodi nyingi kubwa ni ndefu, juu zimefinyika na chini zimetanuka. Wafanyabiashara wa huko huziita kathedrali, kwa kuwa ukizisimamisha zinafanana na tao la kanisa. Sisi tungeziita mihirabu, na kwa maoni yangu tungepatia zaidi, maana kathedrali ni jengo zima na hizi ni kishubaka tu ukutani.

Mengi katika matundu hayo ni madogo kama punje ya kunde. Kutoka kunde hadi tundu linalomeza mtu mzima aliyesimama ni safari ndefu, na hapa wanasayansi wenyewe bado wanavutana. Wapo wanaosema mapovu mengi yaliungana likawa moja. Wapo wanaosema povu peke yake halitoshi, kwamba baadaye maji na mvuke viliusukuma na kuula mwamba uliokwisha lainika, tundu likapanuka. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa mahali tofauti. Lakini katika pande zote mbili hakuna anayesema ni yai. Yai la joka tuliache kwenye hadithi za bibi, na mayai ya mijusi wakubwa wa kale yakigeuka jiwe huwa na ganda na umbo jengine kabisa.

Maji

Mwamba ukishapoa haubaki mkavu. Mvua inanyesha, maji yanapenya nyufani yakienda chini, na njiani yanayeyusha silika kidogo kidogo kutoka kwenye basalti yenyewe, hasa zile sehemu za lava zilizoganda haraka kama kioo. Kidogo kiasi kwamba ungeyanywa usijue. Yakiingia kwenye tundu na hali yao ikabadilika, silika inashindwa kubaki majini, inajishika ukutani. Maji yanatoka, mengine yanaingia.

Anayetumia maji ya kisima Unguja anaijua kazi hii. Angalia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogoma kutoka kwa steelwire na ndimu umekuja ndani ya maji yaliyoonekana safi kabisa, ukajibandika utando juu ya utando kuanzia ukutani. Birika huchukua miezi kwa sababu unalichemsha kila siku. Jiodi haichemshwi na mtu.

Tena haikuchemshwa kabisa, na hili ndilo lililonishangaza nilipolisoma. Kwa muda mrefu watu wengi walidhani fuwele kubwa namna ile lazima zizaliwe kwenye maji ya moto wa volkano. Utafiti uliotolewa 2024 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, juu ya jiodi za Artigas, umeonesha kwamba amethisto ile iliota kwenye maji yenye joto la nyuzi 15 hadi 60 za selsiasi, na maji yenyewe asili yake ni mvua iliyozama ardhini. Nyuzi 60 ni chai iliyosahauliwa mezani kidogo. Nyuzi 15 ni baridi kuliko kisima chochote cha kwetu. Volkano ilitoa chungu tu. Kupika kumefanywa na maji ya kawaida, muda mrefu baada ya moto kuzimwa.

Mzee mmoja wa barazani, ambaye hachangii mpaka kahawa ya pili, aliuliza kwa nini fuwele zote zinaelekeza ncha zake ndani, kama zimeamrishwa. Swali zuri. Mwanzo hazielekei popote. Ukutani huanza mbegu nyingi ndogo, kila moja imelalia upande wake. Lakini zimebanana. Iliyolala ubavu inagonga jirani yake na kukoma. Iliyosimama kuelekea kwenye uwazi ina njia, inaendelea. Aliyewahi kupanda mikarafuu karibu karibu anajua: baada ya miaka inabaki ile iliyowahi juu, nyengine zimedumaa kivulini. Ndiyo maana ukitazama jiodi iliyokatwa, karibu na ukuta unaona vurugu ya punje ndogo, na kila ukienda ndani unaona vichwa vichache, vikubwa, vilivyonyooka.

Kisha nikamwomba mzee pete yake.

Ni pete ya akiki, nyekundu iliyoiva, aliyorithi kwa baba yake. Haitoki kidoleni ila kwa udhu. Nikamwonesha picha ya jiodi iliyokatwa kwa msumeno. Nje kabisa, ganda jembamba la kijani. Kisha mstari wa kijivu na maziwa, umepigwa mapigo kama pindo la kikoi. Kisha kwatzi nyeupe. Kisha zambarau. "Huu mstari wa pindo," nikamwambia, "ndiyo akiki." Akiki nayo ni silika ile ile, ila fuwele zake ni ndogo mno hata jicho halizioni, kwa hiyo jiwe linaonekana laini kama siagi. Hutangulia ukutani wakati maji yana silika nyingi na inajishika kwa pupa. Maji yakipungukiwa, kazi inakwenda taratibu, na taratibu ndiyo hutoa fuwele kubwa. Mzee akaitazama pete, akaitazama picha. "Kwa hivyo yangu mimi ni kifuu?" Nikamwambia ni kifuu cha aila ile ile, ami. Akairudisha kidoleni bila kusema kama amefurahi au la.

Zambarau

Kiswahili kimeipa rangi hii jina la tunda, na kila mtoto aliyerudi nyumbani na ulimi wa rangi hiyo akakana kwamba hakupanda mti wa watu anajua kwa nini. Jiwe, lakini, halina maji ya tunda. Lina chuma.

Ni chuma kile kile kinachoupa udongo wa Pemba wekundu wake, na kile kile kilichoitia wekundu pete ya mzee. Ndani ya amethisto ni kidogo ajabu, kama nyuzi mbili za zafarani kwenye sufuria ya harusi. Chembe ya chuma inakaa mahali palipokuwa pa silikoni. Hapo jiwe bado halijawa zambarau. Linangojea jambo la pili: mionzi hafifu inayotoka kwenye mwamba wa jirani, kwa kuwa karibu kila mwamba una vitu kama potasiamu ambavyo sehemu yake ndogo hutoa mionzi kwa asili. Mionzi ile, kidogo kidogo kwa muda mrefu mno, humnyang'anya chuma elektroni, yaani chembe ndogo mno ya umeme iliyomo ndani yake. Chuma kilichonyang'anywa kinaanza kumeza mwanga wa kijani na manjano unaopita ndani ya jiwe. Unaobaki kutufikia machoni ni wa zambarau.

Hapa ndipo hofu ilipoingia barazani. "Kwa hivyo lina mionzi, litatupa saratani?" Hapana. Jiwe lilipigwa na mionzi, halikugeuka kuwa chanzo chake. Aliyebabuka kwa jua la mchana kwenye ngalawa haanzi yeye kutoa mwanga usiku. Amethisto waivae, wailalie, haina neno.

Ila rangi iliyokuja hivyo inaweza kuondoka. Ukiipasha amethisto moto wa nyuzi 400 na kitu, zambarau hufutika, na mara nyingi huja manjano au rangi ya machungwa. Hili si siri wala si uchawi, ni biashara: Brazil wana majiko ya kazi hiyo, na sehemu kubwa ya mawe ya manjano yanayouzwa kwa jina la sitrini yalikuwa amethisto kabla ya kuokwa. Ukiona jiodi yenye ncha za rangi ya kahawia iliyoungua na mashina meupe kama meno, imepita jikoni. Jua nalo, likiachwa miezi na miaka, huipausha. Kuna watu wa hapa mjini wameweka vipande vyao dirishani upande wa magharibi ili viwake jioni. Vinawaka kweli. Vinapungua pia.

Wanaopenda na wanaopendezwa

Mimi si mkusanyaji, ila niliwahi kununua. Duka moja la zawadi Mji Mkongwe lilikuwa na nusu jiwe kiasi cha ngumi, ndani zambarau kali inayokwenda kwenye waridi. Nikalipa bila hata kubembeleza bei, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. Nyumbani nikaliosha vumbi. Beseni likawa kama sharubati ya zambarau. Mpwa wangu, ambaye ana kila kitu cha kucha, akachukua pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha akapitisha mara moja tu, na chini yake pakatoka kwatzi nyeupe, safi, nzuri kwa haki yake. Hakuna aliyeiba kitu cha thamani kubwa. Lakini sijawahi kurudi dukani kusema, kwa aibu.

Tangu hapo nimejua kutazama. Rangi ya kweli haikai sawasawa: mara nyingi imekolea kwenye ncha na kufifia kuelekea kwenye shina, kwa sababu maji hayakuwa na chuma kile kile siku zote. Rangi ya kutiwa hujikusanya nyufani na kuchafua hata ganda la nje. Na ukigeuza kathedrali yoyote iliyosimama dukani, mgongo wake mara nyingi ni saruji iliyopigwa rangi. Huo si udanganyifu. Basalti ya nyuma imeshachongwa ili kupunguza uzito, na bila saruji ingevunjika safarini. Mwenye kuuza akikwambia mgongo huo ni "ganda la asili", hapo ndipo ushike mfuko wako.

Ukubwa ndio unaotushika sisi watazamaji. Ile iitwayo Malkia wa Uruguay, iliyoko kwenye makumbusho ya Crystal Caves huko Atherton, Australia, ina kimo cha mita 3.27 na uzito wa tani 2.5. Lete mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe usimame kando yake, utaonekana mfupi. New York, kwenye makumbusho makubwa ya viumbe na maumbile, walipofungua upya kumbi zao za vito 2021 waliweka mlangoni jozi ya jiodi za Uruguay, moja yao ina takriban mita 3.6. Tena hizo si kubwa kuliko zote za aina zote. Put-in-Bay, kwenye kisiwa kimoja cha Ohio, Marekani, mwaka 1897 watu waliokuwa wakichimba kisima cha kiwanda cha mvinyo walitokea ndani ya jiodi wakaweza kusimama humo. Pulpí, Hispania, iko ya jasi yenye urefu wa mita 8. Lakini hizo si za zambarau, na kwenye mapenzi rangi ina neno lake.

Wakusanyaji wenyewe, hata hivyo, hawaanzi na ukubwa. Nimewasikia wakizungumza wanavyozungumza akina mama juu ya kanga. Wanataka rangi iliyokolea bila kuwa nyeusi, ikionesha cheche ya wekundu ukiipiga tochi. Wanataka ncha zote zipo, hakuna iliyovunjika, kwa sababu ncha moja iliyokatika katikati ya safu ni kama jino la mbele. Wanataka pindo la akiki lionekane. Wanachopenda kupita vyote ni ajali: mahali ambapo baada ya amethisto kumaliza kukua, maji yalileta madini ya chokaa, yakaweka fuwele moja nyeupe, kubwa, imekaa peke yake juu ya zulia la zambarau kama kuku juu ya mayai. Kipande kama hicho huuzwa kwa sura yake. Vya kawaida huuzwa kwa kilo, kama viazi.

Ndiyo, kwa kilo. Hii ndiyo habari inayowauma zaidi wenye ndoto. Zamani amethisto ilikaa safu moja na yakuti na zumaridi. Wagiriki waliiita kwa neno lenye maana ya "asiyelewa", wakiamini mnywaji mwenye nayo halewi, na kama ingekuwa kweli ingeuzwa zaidi katika miji mingine kuliko wetu. Kisha karne ya 19 wachonga mawe waliotoka Idar-Oberstein, Ujerumani, wakahamia Brazil na Uruguay, wakakuta akiki na amethisto zimejaa mashambani. Zikasafirishwa kwa meli. Bei ikashuka na haijarudi. Jiodi kubwa kamili ni ghali kwa sababu ya kimo chake na taabu ya kuitoa mzima: mchimbaji hutoboa tundu dogo ukutani, anaingiza taa au kamera, anachungulia kama ndani pana kitu, kisha analichimbua pole pole kama mtu anayetoa jino la mtoto. Unalipia jasho hilo. Unalipia pia hewa, kwa maana kama tundu lingejaa silika mpaka katikati pasingekuwa na jiodi, pangekuwa na donge la jiwe tu.

Wanaosema inatibu presha na kufukuza hasadi sikugombana nao. Ila hakuna kipimo kilichowahi kuonesha kwamba inashusha presha, na mwenye vidonge vyake asiviache.

Sasa, la Micheweni

Siku ya pili kijana akarudi, na baraza ilikuwa imejaa kuliko kawaida.

Nikamwambia kwanza lile baya. Unguja na Pemba hazina basalti. Mwamba wetu ni wa bahari: matumbawe ya kale, chokaa, mchanga na udongo uliotulia chini ya maji. Hapakuwa na lava, kwa hiyo hapakuwa na povu la lava, kwa hiyo hakuna wa kuficha jiodi ya amethisto Pemba, hata akitaka.

Lakini tundu huja kwa njia nyengine pia, na hapo uso wake ukarudi kidogo. Mvua inapopita kwenye udongo huwa chachu kidogo, na maji machachu huila chokaa. Ndivyo yalivyochimbwa mapango yetu, la Mangapwani, la Kuumbi kule Jambiani, na ndivyo yanavyochimbwa matundu madogo yasiyo na jina kila mahali penye maweni. Maji yale yale yakishashiba chokaa na kuingia kwenye uwazi huirudisha, tone kwa tone, fuwele nyeupe ukutani. Madini hayo huitwa kalsiti. Kwa hiyo jiwe lake, kwa umbo, lilikuwa na haki ya kuitwa jiodi. Alipatia. Ni ndugu kweli wa lile la kwenye simu, ndugu wa upande wa umaskini.

"Utajuaje si kwatzi?" akauliza mzee wa pete.

Kwa kisu. Kwatzi ni ngumu kuliko kisu, nayo hukwaruza chupa. Kalsiti hukwaruzwa na kisu bila ya taabu. Nikapitisha ncha, pakabaki mstari mweupe na unga. Kisha nikaomba ndimu. Muuza urojo wa pembeni akatupa nusu, nikaikamua pale penye ule unga. Tukainama wote, vichwa vinagongana. Mara ya kwanza kimya. Halafu vipovu vidogo, vimoja vimoja, kama soda iliyobaki chini ya glasi.

Kijana alivitazama mpaka vikaisha. Akalifuta jiwe kwa ncha ya kitambaa, akalifunga vizuri kuliko alivyolifungua, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mtalii," akasema, "hutembea na ndimu?"